Tafadhali, msiweke muziki

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi, na wale mnaotuma meseji kuuliza kama nimedisko, jibu ni hapana, bado nipo, tunapiga msuli tu. Leo sina habari za foleni ya mgahawani wala za bumu kuchelewa (ingawa limechelewa). Leo nataka kuongea filamu. Tena sio zile mnazojua nyie. Hizi hazina mtu, hazina nyumba, hazina stori, hazina hata paka. Duara linakuja, mstari unapita, rangi inavimba, inasinyaa, inapotea, basi, imeisha. Kiswahili cha darasani kinaziita filamu dhahania. Rumeti wangu aliangalia dakika mbili akauliza, "Hii si ile picha inayojitokeza kompyuta ikiachwa bila mtu?"

Nimezifikia kwa njia ya kozi. Semista hii kozi yetu ya vyombo vya kufundishia ina prezentesheni ya kikundi, na kila kikundi kilipewa aina moja ya sinema ya zamani. Wenzetu wakapata katuni, wengine habari za vita, sisi watano tukapata hizi. Mhadhiri akatuazima diski ya filamu kumi za Oskar Fischinger iliyotolewa mwaka 2006, akasema tusiikwaruze. Kwenye kikundi yupo jamaa tunamwita Fundi, kwa sababu anatengeneza midundo kwenye laptop usiku kucha na jirani zake hosteli wanamlaani. Shikeni jina hilo, maana ugomvi wote ninaotaka kuwasimulia ni wangu na yeye, na haukuwa mdogo.

Kwanza historia kidogo, msikimbie.

Ujerumani, 1921. Mchoraji mmoja, Walter Ruttmann, alitaka picha yake itembee. Akawa anapaka rangi ya mafuta kwenye kioo, anapiga picha, anaongeza au kufuta kidogo, anapiga nyingine, hivyo hivyo mpaka ikatoka filamu ya dakika kama kumi na moja. Akaiita Lichtspiel Opus I na ikaonyeshwa Berlin mwezi wa nne mwaka huo. Mikanda wakati huo haikuwa na sauti, muziki ulipigwa palepale ukumbini. Sasa wengi wakisikia hivyo wanafikiri kulikuwa na mzee na piano yake anapiga chochote kinachomjia. Hapana bwana! Mtunzi Max Butting aliandika muziki wa vyombo vitano vya nyuzi kwa ajili ya filamu hii tu, na Ruttmann mwenyewe alikaa na wapigaji, yeye akiwa kwenye selo. Halafu, hiki ndicho kilichonimaliza, kwenye karatasi za noti Ruttmann alichora kwa rangi yale maumbo ya filamu, ili mpigaji akiinua macho na kuona umbo fulani kwenye kitambaa ajue anatakiwa awe wapi. Karatasi hizo zimesalimika. Kwa hiyo leo ukitaka kuirudisha Opus I kama ilivyokuwa, picha na sauti, una pa kushika. Mkumbuke hilo, tutalirudia.

Miaka minne baadaye, Mei 1925, walifanya onyesho palepale Berlin la filamu za namna hii. Humo ilikuwemo Diagonal-Symphonie ya Viking Eggeling, Msweden. Simfoni isiyo na sauti! Mistari tu, inajipanga na kujipangua kama wapigaji wanaopokezana. Eggeling alifariki siku 16 baada ya onyesho hilo. Kazi yake nzima ya filamu inayojulikana leo ni hiyo, dakika chache.

Sasa Fischinger. Huyu ndiye mtu wangu, na nitamwelezea kwa urefu kwa sababu nimelala naye kichwani mwezi mzima (rumeti, nyamaza). Alizaliwa 1900 Gelnhausen, na alipokuwa kijana alijifunza kazi kwa watengeneza vinanda vya kanisani, zile ogani kubwa za mabomba. Baadaye akasomea uhandisi. Opus I aliiona Frankfurt na ndio ikamharibu, kwa maana nzuri. Akaunda mashine ya kukata nta. Anachanganya nta za rangi na udongo, anazikandika ziwe bonge moja lenye michirizi ndani, halafu kisu kinakata kipande chembamba na kamera inapiga picha uso uliobaki, kisu tena, kamera tena. Fikiria mkate wa marumaru unaokatwa slaisi na kila slaisi ni picha. Ukizipitisha haraka, ile michirizi inaogelea. Ruttmann mwenyewe alikuja kuitumia mashine hiyo.

Halafu akaja na zile alizoziita Studie, yaani mazoezi. Zilichorwa kwa mkaa kwenye karatasi nyeupe, zikageuzwa ziwe nyeupe juu ya weusi. Studie Nr. 7 ya 1931 inakwenda na dansi ya Kihungaria namba 5 ya Brahms. Nilipiga hesabu: filamu ya sauti inapita fremu 24 kwa sekunde, hiyo ni ya dakika mbili na nusu hivi, kwa hiyo ni kama fremu 3,600. Na haendi na muziki kiholela. Violini ikiruka, mstari unaruka na wenyewe, sio kabla sio baada. Alifuata santuri ya gramafoni, akiipima kwa alama alizokwangua juu yake ili ajue kila pigo liangukie fremu ya ngapi. Baadhi ya Studie hizo mwishoni zilimwambia mtazamaji ni santuri gani aliyoisikia, akainunue. Haya, nani kasema video za muziki zilianza na televisheni?

Mwaka 1932 akageuza kibao. Akachora mapambo kwenye karatasi, mawimbi na vimiraba kama vya ukili, akayapiga picha moja kwa moja kwenye ule ukingo wa mkanda ambao sauti hukaa. Alipoupitisha kwenye projekta, mapambo yakalia. Picha ikawa sauti yenyewe. Nawaambia haya yote kwa sababu moja: mtu huyu hakuwa kipofu wa muziki. Alijua sauti inatoka wapi kuliko sisi sote watano kwenye kikundi, Fundi akiwemo.

Pesa alikuwa hana, kama kawaida ya watu hawa. Filamu yake ya rangi ya 1933, Kreise, maana yake miduara, ilikuwa tangazo la wakala wa matangazo! Mwishoni linatokea neno la biashara kwamba wakala huyo anafikia "miduara" yote, yaani watu wa kila namna. Utawala wa Nazi ulikuwa hautaki sanaa dhahania, lakini tangazo ni tangazo. Mwaka 1934 akatengeneza la sigara, ambamo sigara zenyewe zinapiga kwata kama askari, na watu wakazipenda mno. Mwaka 1936 akahamia Marekani. Huko Paramount walitaka filamu yake itoke nyeusi na nyeupe, yeye akitaka rangi, akaondoka. Disney wakamchukua 1938 kwa sehemu ya Bach ya filamu ya Fantasia, wakapunguza na kulainisha michoro yake mpaka haikuwa yake tena, akaondoka mwaka uliofuata, na filamu ilipotoka 1940 jina lake halikuwemo.

Halafu 1942 akafanya Radio Dynamics. Dakika nne. Ni rangi tupu zinazopigapiga, miraba inayokujia usoni halafu ghafla imekaa kimya, jicho linalofumba na kufumbua. Na mwanzoni kuna maandishi aliyoyaweka mwenyewe yanayoomba kwamba tafadhali, hakuna muziki, hili ni jaribio la mdundo wa rangi.

Hapo ndipo Fundi alipoingia.

Tulikuwa kwenye kimbweta jioni, watano na watu wawili watatu wa kupita. Fundi akafungua laptop akasema, "Dada mwalimu, nimeiponya." Akaweka Radio Dynamics na juu yake mdundo wa singeli alioutengeneza yeye. Sio siri, ilikaa! Miraba inapiga na ngoma inapiga. Watu wakasimama, mmoja akaanza kucheza na daftari mkononi, wakadai irudiwe. Rumeti wangu, yule wa kompyuta iliyoachwa bila mtu, alikuwa wa kwanza kutaka aitumiwe kwenye simu. Fundi akasema hivyo ndivyo tutakavyoonyesha Alhamisi, darasa litaamka, maksi zetu hizo.

Nikasema hapana. Nikasema yule mzee ameomba.

"Amefariki 1967, dada."

"Ndio maana ameandika."

Tukaanza. Wenzetu wawili wakawa upande wa Fundi, mmoja akasema atafuata watakaoshinda (mnamjua, huwa anapiga kura hivyo hivyo hata kwenye uchaguzi wa serikali ya wanafunzi). Fundi si mtu wa kupiga kelele tu, ana hoja. Hoja ya kwanza: wanafunzi wetu huko sekondari hawatakaa dakika nne bila sauti, tutawapoteza. Hoja ya pili ilinikaba zaidi. Alikuwa amesoma. Akasema hao hao wanaokarabati filamu za Fischinger wamemwekea muziki ambao hakuuchagua, na majumba makubwa ya sanaa ya Ulaya na Marekani yakaonyesha, na hakuna aliyelia. Iweje New York iwe ukarabati na kimbweta chetu kiwe uharibifu?

Sikuwa na jibu usiku ule. Nikaenda kutafuta nondo siku mbili, maktaba na kwenye simu mpaka bando likaisha.

Anachosema ni kweli. Miaka ya 1926 na kuendelea Fischinger alifanya maonyesho Ujerumani akitumia projekta kadhaa kwa pamoja, pamoja na muziki wa ngoma na ala za kugonga. Aliita Raumlichtkunst, sanaa ya nafasi na mwanga. Ilipokwisha, imekwisha, kama tamthilia. Kilichobaki ni mikanda. Na mikanda ya zamani ile ilikuwa ya nitrati, kitu cha hatari jamani. Inashika moto haraka, na ikishawaka inajitengenezea oksijeni yake, hata ukiitumbukiza majini inaendelea kuwaka. Isipowaka inaoza: inasinyaa, inakuwa na unata, picha inafifia, mwishowe unga. Viwanda viliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini iliyokwisha kutumika ilibaki makabatini ikijila. Baada ya Fischinger kufariki, mkewe Elfriede ndiye aliyezitunza na kuzihangaikia kazi zake kwa miaka mingi, hadi naye akafariki 1999.

Kisha kituo kimoja cha Los Angeles, Center for Visual Music, kikachukua mikanda ya nitrati ya Raumlichtkunst. Wakainakili kwanza kwenye filamu mpya kwa njia ya kemikali, wakaiingiza kwenye kompyuta, wakairudishia rangi zilizofifia, wakapanga skrini tatu zisimame pamoja. Mwaka 2012 ikaonyeshwa makumbusho ya Whitney kule New York na Tate Modern, London. Mimi nimeona vipande tu, lakini hata kwenye kioo cha simu kilichopasuka zile nta tatu zinaogelea vibaya sana.

Na muziki? Muziki uliopigwa 1926 haujulikani. Hakuna karatasi kama za Butting. Kwa hiyo wakaweka Ionisation ya Edgard Varèse, ya wapigaji 13 wa ala za kugonga, iliyopigwa kwa mara ya kwanza 1933, na Double Music ya John Cage na Lou Harrison ya 1941. Mnaona miaka? Yote imekuja baada ya maonyesho yale. Fundi alichekelea sana hapo.

Lakini tazameni nilichokuta nilipomfuata huyo Cage. Kumbe mwaka 1937, akiwa kijana, alifanya kazi kidogo kwa Fischinger, wakati anatengeneza An Optical Poem, ile ya vikaratasi vilivyoning'inizwa kwenye nyaya nyembamba na kusogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Kazi ya Cage ilikuwa kuvituliza visiyumbe, amesimama na fimbo yenye unyoya. Na Cage alisimulia maisha yake yote kwamba Fischinger alimwambia kila kitu kina roho ndani yake, na roho hiyo hutoka kitu kikitikiswa kikalia. Cage akaanza kugonga kila alichokiona, meza, viti, sufuria, na huko ndiko ulikotokea muziki wake wa ala za kugonga. Kwa hiyo waliochagua Double Music hawakuokota wimbo barabarani. Muziki ule una damu ya mzee mwenyewe. Tena wanatamka wazi kwamba asili haijulikani na huu ni uchaguzi wao.

Nikarudi kwa Fundi na jibu langu. Raumlichtkunst ilikuwa na muziki, ukapotea, pakabaki shimo, na shimo ukilijaza useme umelijaza na nini. Radio Dynamics haina shimo. Ukimya ule ni wa kwake, kauweka kwa mkono, mtu aliyejua kuchora mawimbi mpaka yakalia! Ukiutoa huo ukimya umetoa kitu kilichokuwemo. Ni sawa na kupaka rangi juu ya rangi.

Fundi akafikiri. Akasema sawa, lakini Motion Painting je? Hiyo ni ya 1947, rangi ya mafuta juu ya vioo vya plastiki, fremu moja kila mpako wa brashi, na inakwenda na Brandenburg namba 3 ya Bach. Akasema pale picha haifuati noti kama kwenye Studie, Bach anakwenda zake na rangi zinakwenda zake. Kwa hiyo hata mzee mwenyewe alikuwa anabandika. Nilijaribu kubisha nikashindwa, maana ni kweli hazishikani pigo kwa pigo. Nilichomjibu ni kwamba kabandika yeye, mwenye kazi. Hakuridhika, nami sikuridhika sana. Mpaka leo nikiiangalia ile filamu najaribu kuzima sauti, naiwasha, nazima. Filamu hiyo imo kwenye orodha ya taifa ya Marekani ya filamu za kuhifadhiwa tangu 1997, kwa hiyo wameikubali na Bach wake.

Kinachonitisha hasa ni kingine, nikamwambia. Ile video yake ilikuwa tayari kwenye simu za watu saba. Mtu akiipata kesho bila maelezo atajua Radio Dynamics ni filamu ya singeli, na hatakuwa na sababu ya kutafuta nyingine. Sisi tunakwenda kuwa walimu. Mtoto wa kidato cha pili anachukua unachompa.

Hapo akanyamaza muda mrefu, halafu akasema neno moja: "Poa."

Tulipatana hivi. Alhamisi tukaonyesha kwanza Radio Dynamics kimya, yote, bila mtu kuelezea juu yake. Dakika nne ni ndefu jamani! Dakika ya kwanza watu wanakohoa na kuchekana. Feni ya ukumbini ikawa ndiyo sauti pekee. Ya tatu nikasikia mtu nyuma anagonga dawati kwa kidole, taratibu, akifuata miraba, na jirani yake akadakia. Hakuna aliyewatuma. Fundi alinigeukia akanikazia macho kama vile ameshinda, na mimi nikamkazia vile vile.

Kisha akaonyesha ya kwake, na kabla ya picha kuanza akaweka maandishi makubwa meupe juu ya weusi: filamu ni ya Oskar Fischinger, 1942, ambaye hakutaka muziki, muziki huu ni wa Fundi, wa mwaka huu, hosteli, saa nane usiku. Wale saba nao amewatumia upya yenye maandishi, na ameapa wamefuta ya zamani. Rumeti wangu hajafuta, nimekagua.

Maksi bado. Mhadhiri alikunja tu karatasi yake akauliza swali moja, kama kuna ambaye angeweza kupiga ule muziki wa Butting hapa kampasi. Tangu hapo Fundi halali. Tumepata violini wawili kutoka kwaya, na kaka mmoja wa sheria anayedai viola anaiweza. Karatasi zenyewe bado tunaulizia zinapatikanaje. Anayejua mtu mwenye selo aniandikie, hata kama haina nyuzi zote.